Maji Ndani ya Tofali

Gaudensi aliporudi kutoka Ujerumani Mashariki, watu wa Izia, mtaani kwao Sumbawanga, walimpokea kwa pombe ya ulezi na maswali mengi. Umesomea nini huko, mwanetu? Udaktari? Barabara? Akawaambia amesomea joto. Watu wakatazamana. Mtu avuke bahari, amwache mama yake akila maharage yasiyo na mafuta, kumbe anakwenda kusomea joto, na jiko lipo nyumbani?

Yeye hakukasirika, kwa sababu siku hizo alikuwa bado anajipenda. Akawaeleza taratibu. Kule wapo wataalamu wanaotengeneza kitu mfano wa betri, ila hakina maji makali ndani. Ni kigae chembamba kinachopashwa moto mpaka kiwe chekundu. Upande mmoja kinapulizwa hewa, upande wa pili gesi, nacho kinatoa umeme. Tabu yake ni moja. Joto likizidi huku na kupungua kule, kigae kinapasuka, na kazi ya mwaka mzima inakwenda na maji. Kwa hiyo kabla kigae hakijawashwa, Gaudensi alikuwa anakaa na hesabu zake, anatafuta joto litapita wapi, hewa itapita wapi, mvuke utatokea wapi. Hesabu hizo zote pamoja aliziita kielelezo. Alisema kigae kinaungua kwanza kwenye kielelezo, ndipo kinaungua kwenye moto.

"Na huo umeme tutauona lini?" mama yake akauliza.

"Hata Wajerumani wenyewe hawajauona, mama."

Wakacheka, wakamwongezea pombe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, mkoa wenyewe ukiwa mpya, na mtu aliyesoma hakuachwa akae bure. Ofisi ya mkoa ikamtuma Kisumbala, kijiji kilichokusanywa mwaka uliotangulia katika uwanda wa Ufipa, mahali pasipo na mti wa kukingia upepo. Kisumbala walitaka zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Hawakuitaka kwa mapambo. Wajawazito wao walikuwa wanabebwa kwa machela mpaka Sumbawanga, na wengine walikuwa wanazalia majanini, njia ikiwa bado ndefu. Nguvu ya kufyatua matofali walikuwa nayo. Kuyachoma ndiko walikokuwa hawakujui, maana nyumba zao tangu zamani zilikuwa za miti na udongo.

Mwenyekiti wa kijiji, Beda, alikuwa mtu wa haraka. Alishawaahidi wakubwa wa mkoa kwamba Sabasaba watakuja kuona matofali mekundu yamepangwa uwanjani. "Ndugu Mtaalamu," akamwambia Gaudensi mbele ya watu, "wewe umesoma joto. Sabasaba tutakuwa tayari?"

Gaudensi angeweza kusema, nipeni nafasi nipige hesabu. Watu wangemngoja. Lakini macho ya kijiji kizima yalikuwa usoni kwake, na sifa tamu zina ulevi wake, akasema, "Tutakuwa tayari."

Usiku ule ndipo alipopiga hesabu, na hesabu zikamkatalia. Ndani ya tofali kuna maji yasiyoonekana. Juu limekauka, ukilishika linakuachia vumbi mkononi, kumbe tumboni bado bichi, na baridi ya Juni pale Ufipa haikaushi kitu upesi. Kielelezo kilimwambia kwanza awashe moto hafifu wa moshi, aulee kwa siku nyingi mpaka maji yote yatoke, na juu ya tanuri aache matundu ya mvuke kupitia. Ndipo moto mkubwa ufuate. Alipojumlisha siku, Sabasaba ilikuwa imepita.

Hapo sasa ndipo alipofanya lile alilokuja kulijutia. Aliyatoa maji kwenye hesabu. Akajiambia kwamba kigae cha Ujerumani nacho ni udongo uliochomwa, na kule maji ya ndani ya udongo hayakuhesabiwa. Alijua fika kwamba kigae kile ni chembamba kama ukucha, tena kilishachomwa kabla. Alijua. Akafuta, akapiga upya, na hesabu ikawa nzuri. Ili ajiridhishe akajenga tanuri dogo uani kwa mama yake Izia, la vitofali vya ukubwa wa kipande cha sabuni. Likaungua vizuri mno, vitofali vikatoka vyekundu, vikilia kama kengele. Majirani wakapiga makofi. Kitofali cha kiganja kinakauka kwa kupuliziwa tu, hata mtoto anajua, lakini mtu anayetaka kudanganyika hakosi ushahidi.

Kule Kisumbala wakamchagua Kornel kuwa mlinzi wa moto. Alikuwa kijana mpole, mwenye mabega, aliyemwoa Luciana, binti wa upande wa Namanyere, baada ya Pasaka. Gaudensi alikuwa anakula kwao kila alipolala kijijini, na Luciana alimwita shemeji, akimtania kwamba mtu wa joto anaogopaje baridi.

Siku ya kuwasha, mzee Sebastiani akasimama. Huyu ujana wake aliuona ufuaji wa chuma, enzi za ilungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo magofu yake yamesimama mpaka leo mashambani, yameota majani. "Tanuri ni bibi harusi," akasema. "Likiwa motoni lina wivu. Mlinzi wake halali nyumbani wala hamgusi mke mpaka lizimwe. Akimgusa, tanuri linakufa. Sisi hatukuwa na hesabu, lakini chuma tulipata."

Watu wakaitikia. Kornel akaitikia. Gaudensi akatabasamu tabasamu lile la wasomi, wenyewe wanalijua.

Jua lilipokuwa linazama, upepo ulikuwa unakata masikio. Tanuri lilikuwa limeshika, kuni zinanguruma midomoni mwake, na juu kote limekandikwa udongo bila tundu, kama Gaudensi alivyoagiza, ili joto lisipotee. Walibaki yeye na Kornel. Kornel alikuwa anatetemeka katika koti moja la kaki.

"Nenda kalale kwako, bwana," Gaudensi akasema. "Nitalinda mimi."

"Na mwiko wa wazee?"

"Moto haumjui mwenye mke wala asiye na mke. Nenda ukapate joto la bure, mke wako bado mpya."

"Wakijua?"

"Watajulia wapi? Mimi nipo hapa. Likitokea neno, nitasema nimekutuma mimi."

Kornel akacheka kwa aibu, akaenda. Na maneno yale ya mwisho, jamani, myaweke akilini, maana Gaudensi aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe.

Asubuhi tanuri likaanza kulia kwa ndani, kama bisi chunguni. Baadaye ikawa vishindo. Kisha bega la upande wa mashariki likajikunja polepole, likateleza, tanuri zima likalala chini katika wingu la mvuke. Hakuumia mtu, lakini jasho la kijiji cha watu lilikuwa limemwagika pale. Gaudensi alikimbilia juu ya fungu akaokota tofali la safu za juu. Likabonyea mkononi. Jana lilikuwa kavu, leo limekuwa tope. Akajua papo hapo. Maji yametoka kwenye matofali ya chini, yamepanda na joto, yamekuta paa limezibwa, yakatua kwenye matofali ya juu yaliyokuwa bado ya baridi na kuyalainisha. Yale ya chini moto umeyapasua kabla hayajakauka. Kila kitu kilikuwa kwenye hesabu yake ya kwanza. Majivu yalikuwa hayajapoa, na yeye ameshajua.

Watu wakajaa. Mzee Sebastiani alikuwa amemwona Kornel akitoka kwake alfajiri. Hakupiga kelele, akauliza tu kwa sauti ya kawaida, "Nani aliuacha moto?"

"Mimi, mzee," Kornel akasema. Akamtazama Gaudensi. Akangoja.

Gaudensi aliliona lile jicho, na mpaka leo hajaacha kuliona. Ulimi ulikuwepo na maneno yalikuwepo. Lakini Beda alikuwa pale mikono kiunoni, wakubwa wa Sabasaba wako njiani, na hadithi ya Ujerumani yote ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Akatazama chini akasema, "Tutachunguza chanzo." Chanzo! Alikuwa amekishika mkononi, kinamchuruzikia vidoleni.

Kornel hakusema nani alimtuma. Ni mtu wa adabu, hakutaka kumvua nguo rafiki mbele ya watu. Pengine pia aliamini, kwa sababu mwiko alikuwa amelelewa nao, na tanuri limekufa kweli.

Lawama yenyewe haikumkalia Kornel sana. Mnajua mambo yetu. Ilimshukia Luciana. Kina mama waliobeba maji ya kukandia udongo tangu Aprili wakaanza kungoja atoke kisimani ndipo wao wachote. Mwenye mimba hakukubali kupokea kitu mkononi mwake. Wakampa jina, mke aliyeua tanuri. Gaudensi alisikia yote. Kila alipokuja alijiambia, leo nasema, na kila alipoondoka alijiambia, yatapoa. Alikuwa bado anakula kwao. Luciana alimwekea chakula kama zamani ila hakumtania tena, na Gaudensi akawa anaacha chakula katikati, akisingizia safari.

Mwezi wa nane, Kornel akabeba sanduku la mkewe kichwani, akamrudisha kwa baba yake. Alisema anampumzisha tu. Kurudi, alirudi peke yake.

Basi Gaudensi akaamua kulipa kwa kazi. Akili ya mtu mwenye hatia ina ujanja wake: ilimwambia kwamba akiwachomea tanuri la pili likatoka safi, kila kitu kitasahauliwa na Luciana atarudishwa, bila yeye kufungua mdomo. Mwezi wa tisa, jua kali, upepo mkavu, akafanya yote aliyoyafuta. Akayarudisha maji kwenye hesabu. Akawasha moto wa moshi, akaulea siku baada ya siku, akaacha matundu juu, akawa anaingiza ubao mkavu kwenye tundu na kuutoa kuona kama umelowa. Siku ulipotoka mkavu, akaziba matundu, akaitisha magogo. Mlinzi wa moto safari hii alikuwa mzee Sebastiani mwenyewe, mjane wa miaka mingi, aliyelala pale pale kwenye mkeka wake.

Tanuri likatoka zuri kuliko hata la Izia. Matofali mekundu, ukiyagonganisha yanaimba. Akina mama wakapiga vigelegele, na Beda akapanda juu ya fungu akahutubia.

"Ndugu zangu, mmeona? Udongo ni ule ule. Mtaalamu ni yule yule. Mwiko umeheshimiwa, tanuri limekubali."

Gaudensi hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Kumbe kwa kuchoma vizuri akiwa kimya, amempigia Luciana msumari wa mwisho. Kila tofali jema lililotoka mle lilikuwa shahidi dhidi yake, na mashahidi hao walikuwa wanakwenda kujengwa ukuta, wasimame pale miaka na miaka.

Akapanda juu ya fungu, akasema. Alieleza maji, mvuke, hesabu aliyoifuta, matundu. Alisema Kornel alitumwa na yeye. Watu walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha wakampigia makofi, na yeye kwa muda akadhani wameelewa.

"Mtaalamu wetu ana moyo wa huruma," mzee Sebastiani akasema. "Anataka kumwokoa rafiki yake. Tunamshukuru."

"Si huruma, mzee. Ni kweli."

"Kama ni kweli, baba, mbona hukusema siku ile?"

Gaudensi akashuka kutoka juu ya fungu, na kushuka kwake wakakuhesabu kuwa ni kukubali.

Alimfuata Kornel kwake jioni ile ile. Nyumba ilikuwa na vumbi, moto umewashwa na mwanamume, moshi tupu. Kornel alimsikiliza akiwa anamenya kiazi.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile."

"Kabla sijampeleka?"

"Kabla."

Kornel akaendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kidogo sana. Gaudensi akamwambia wazo lake. Litachomwa tanuri la tatu, la nyumba ya mwalimu. Kila kitu kiwe kama la pili, moshi ule ule, matundu yale yale. Kibadilike kitu kimoja tu. Mlinzi awe Kornel, na kila jioni aende kulala kwake na Luciana, kijiji kikiona. Tanuri likitoka zima, hakuna wa kubisha tena. Ndivyo wanavyofanya wataalamu, unabadilisha jambo moja unaacha mengine.

"Kamwambie mwenyewe," Kornel akasema. "Mimi sina uso wa kwenda pale."

Gaudensi akapanda lori la Lukmani, mfanyabiashara wa Majengo aliyekuwa anapeleka chumvi na vitenge Namanyere. Lukmani alikuwa mtu wa soga, akamuuliza anafuata nini kule, posa?

"Nafuata msamaha."

"Ah. Hiyo bidhaa mimi sijawahi kuibeba," Lukmani akasema, akabadilisha gia.

Nyumba ya mzee Eustaki, baba yake Luciana, ilikuwa kando ya mji. Mama mtu alikuwa jikoni. Luciana alikuwa nyuma ya kihenge cha nafaka, peke yake, anapepeta ulezi. Kando yake kulikuwa na bakuli na kikombe cha bati vilivyogeuzwa juu ya jiwe. Gaudensi akavitazama. Luciana akaona anatazama.

"Ndivyo vyangu, nakula kando," akasema. "Baba anaogopa ulezi wa mwaka huu usije nao ukafa. Karibu, shemeji."

Gaudensi akakaa kwenye gogo akamwambia yote, tangu hesabu ya kwanza. Kisha akamweleza la tanuri la tatu, na alipokuwa anaeleza sauti yake ikachangamka, maana mpango ulikuwa mzuri, hauna pa kutokea upinzani.

Luciana aliacha kupepeta. "Ngoja nielewe. Unataka nirudi Kisumbala, nilale na mume wangu, kijiji kizima kikiwa nje kinahesabu?"

"Ni kwa ajili ya kukusafisha jina."

"Mara ya kwanza ulikitumia kitanda changu kuwacheka wazee. Sasa unataka ukitumie kuwashinda." Alikuwa anasema polepole, bila hasira, na hilo lilimuuma Gaudensi zaidi. "Na tanuri likianguka kwa sababu yako nyingine usiyoijua, shemeji, mimi nitakwenda wapi?"

Hilo hakulipigia hesabu. Alitazama mikono yake.

"Nisamehe," akasema.

"Umenieleza mimi. Mimi nilikuwa najua sijaua kitu." Akauchukua ungo tena. "Wasiojua ni wengine."

Mzee Eustaki akaingia kutoka shambani, jembe begani. Gaudensi akainuka akamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za Sumbawanga, nzuri. Mzee akamkaribisha kiti kwa uchangamfu, akafurahi kusikia ni mtaalamu wa mkoa. Akauliza mgeni amekuja kwa jambo gani. Gaudensi akamgeukia Luciana. Luciana akainamisha kichwa kwenye ungo, akapepeta. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anangoja.

"Mzee," Gaudensi akasema, "binti yako hakuharibu tanuri. Niliharibu mimi. Nilijua tangu siku lilipoanguka, nikanyamaza akaletwa huku, nikanyamaza akiwa huku."

Mzee Eustaki alisimamisha jembe ukutani, likaanguka, akalisimamisha tena. Alimtazama mgeni, akalitazama lile bakuli juu ya jiwe. Alipoongea, aliongea na mkewe jikoni.

"Mama Luciana. Chakula kiko tayari?"

"Tayari."

"Mpakulie mgeni. Asiondoke na njaa kwangu."

Ugali wa ulezi ukaja, na dagaa wa ziwani, na maji ya kunawa. Desturi ya pale, mwenye nyumba hula na mgeni wake, sahani moja. Gaudensi akanawa akangoja. Mzee Eustaki akaenda mpaka nyuma ya kihenge, akalichukua bakuli la bati na kikombe chake, akaja navyo, akaviweka mbele ya Gaudensi. Ndani ya bakuli akamkatia ugali wake, akamwekea na dagaa, wa kutosha, hakumpunja.

Kisha akamshika Luciana mkono, akaingia naye jikoni kwa mama yake, mahali ambapo wanaume wa pale hawali, na Gaudensi akawasikia wakinawa pamoja.

Akala peke yake, mpaka akamaliza.